Mazingaombwe ya Dakika Kumi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza, Toleo la Moshi

Mtu akiona sarafu imepotea kiganjani mwako atasema una mikono myepesi. Mwache aseme, inakusaidia. Mikono ina kazi ndogo, tena ya kawaida: kushika, kuachia, kuingia mfukoni. Kazi kubwa ni kuamua watu watazame wapi, watazame lini, na wakifika nyumbani wasimulie nini. Ndiyo maana hata sisi wa ridhaa tunaiweza. Mimi ni fundi simu, vidole vyangu vimezoea bisibisi, na shughuli ikiisha narudi mezani kwangu kubadilisha vioo.

Hapa kuna michezo mitatu tu. Ukiishika vizuri inatosha kuchangamsha wanywa kahawa wa Mbuyuni au kubeba dakika kumi za sherehe ya kipaimara. Nimeipanga kwa Moshi ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani na kila ukoo una shughuli yake, lakini ukiwa Arusha huna cha kubadilisha isipokuwa vyakula vya kwenye kadi. Utaelewa tukifika huko.

Vifaa

Usinunue zile seti za plastiki zinazouzwa mtandaoni. Watazamaji hushuku kifaa wasichokijua, na wakishashuku kifaa mchezo umekufa kabla hujaanza. Tumia vitu vya nyumbani: sarafu ya shilingi 500, karatasi mbili za manila, rola moja la tishu laini, kalamu, na hotpoti ya kuazima. Koti litafute kwenye mitumba ya Memorial, lenye mifuko mirefu ya pembeni, kisha mpelekee fundi cherehani aipanue midomo ya mifuko kidogo ili mkono uingie na kutoka bila kuhangaika.

Simu yako ndiyo mwalimu. Jirekodi, usijifunze kwa kioo. Kwenye kioo unajitazama wewe mwenyewe huku unafanya, na bila kujua unaanza kupepesa macho kila tendo la siri linapofika. Video itakuonyesha hilo bila huruma.

Kwanza, elewa macho ya watu

Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wanasaikolojia waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, waliwaonyesha watu video ya vijana wanaopasiana mpira, wakawaomba wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya video mtu aliyevaa vazi la gorila anaingia, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yalikuwa wazi na gorila alikuwa mbele yao, ila akili ilikuwa na kazi nyingine.

Kwa hiyo usiwaombe watu wasitazame mahali fulani. Wape kazi. "Hesabu kadi hizi." "Shika hapa, usiachie." Mwenye kazi hana nafasi ya kukupeleleza.

Jambo la pili ni macho yako wewe. Binadamu hufuata macho ya mwenzake tangu akiwa mchanga, na hawezi kuacha. Huu hapa mfano ninaoupenda kuliko yote, na unaweza kuujaribu leo kwa limao. Rusha limao juu, lidake. Rusha tena, lidake. Mara ya tatu fanya mwendo uleule wa kurusha lakini libaki mkononi, huku macho na kidevu vikipanda juu kulifuata limao ambalo halipo. Wapo watakaokuapia kwamba waliliona likipaa na kuyeyuka hewani. Mwanasaikolojia Norman Triplett aliandika juu ya udanganyifu huu mwaka 1900. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land wakaupima, wao wakitumia mpira, kwa vifaa vinavyofuatilia mboni za macho. Mchezaji alipoyainua macho yake kuufuata mpira wa uongo, theluthi mbili hivi ya watazamaji walisema waliuona ukipaa. Alipoutazama mkono wake, walibaki theluthi moja hivi. Cha kushangaza zaidi, mboni za watazamaji hazikwenda kule juu walikodai kuuona mpira. Walikuwa wanachungulia uso wa mchezaji. Wameambiwa na uso wako, si na macho yao.

La tatu, ambalo wanaoanza hulidharau, ni wakati. Tendo la siri lifanyike kabla watu hawajajua kwamba mchezo umeanza, au baada ya kudhani umekwisha. Umakini wa watu hupanda na kushuka: hupanda unaposema "sasa angalieni", hushuka wanapocheka, wanapopiga makofi, wanaposalimiwa. Na sisi tuna silaha ambayo Mzungu hana. Mgeukie bibi aliye mstari wa mbele umwambie, "Shikamoo bibi." Bibi lazima aitikie marahaba, majirani zake lazima wamtazame bibi, na wewe una sekunde mbili nzima za mkono wako kufanya unachotaka. Salamu haishukiwi na mtu.

Hatua ya kwanza: kupoteza sarafu

Huu ni wa meza, wa watu wachache, wa kwenye kahawa. Usiupeleke ukumbini maana aliye nyuma haioni sarafu.

Shika sarafu kwa mkono wa kushoto, gumba upande mmoja na ncha za vidole viwili vya kwanza upande wa pili, kiganja kikiwa juu. Leta mkono wa kulia: gumba lipite chini ya sarafu, vidole vingine vipite juu yake viifunike, halafu ukunje ngumi na kuondoka nayo. Kwa sasa ichukue kweli. Rudia kuichukua kweli mpaka uchoke, simu ikirekodi, na ukitazama video angalia mambo matatu: bega linafanya nini, macho yanakwenda wapi, na mkono wa kushoto unabakije baada ya kuachia. Hakuna siri bado, na wengi huruka hatua hii. Usiiruke.

Sasa fanya vilevile, lakini vidole vya kulia vikishaifunika sarafu legeza gumba la kushoto, iangukie kwenye vidole vilivyojikunja vya mkono huohuo wa kushoto. Mkono wa kulia unaondoka na ngumi tupu. Macho yako yanaondoka nao, na kifua kinageuka kidogo kuufuata.

Utaona kwenye video kwamba mkono wa kushoto umekakamaa na umebaki umening'inia hewani. Dawa yake ni kuupa kazi halali. Weka kalamu mfuko wa kushoto wa koti tangu mwanzo. Ukishaondoka na ngumi sema, "Ngoja nitoe kalamu," mkono wa kushoto uingie mfukoni, uache sarafu, utoke na kalamu. Hapo ndipo umsalimie mtu. Baada ya salamu gonga ngumi kwa kalamu, kisha fungua kidole kimoja kimoja, taratibu. Kwa mtazamaji mchezo umeanza pale ulipogonga. Kwako ulikwisha zamani, na mikono yote miwili ni mitupu kweli, wakague wanavyotaka.

Pale Mbuyuni watu hukuzunguka. Kaa na ukuta mgongoni, na mjue aliye kushoto kwako: yeye ndiye anayeweza kuona nyuma ya vidole. Mtoto akisimama hapo, mpe kalamu akushikie, ahamie kulia.

Hatua ya pili: mtori ndani ya hotpoti

Kwa kawaida mchezo huu hufanywa kwa karata. Kwa kipaimara nashauri uziache nyumbani. Kwa wazee wengi wa kanisa karata ni kamari, na kwa aliyewahi kulizwa na matapeli wa karata tatu stendi ni zaidi ya hapo. Kata kadi 20 za manila, sawasawa kabisa, na kila moja andika chakula: machalari, kiburu, ngararimo, ndafu, pilau, ugali dagaa, chipsi mayai na kadhalika. Moja iandike mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Tumia kalamu isiyopenya upande wa pili.

Asubuhi zungumza na mama anayesimamia jiko, akupakulie mtori wa moto kwenye hotpoti ndogo na kuiweka meza kuu kabla wageni hawajafika. Usimweleze zaidi. Iachwe pale, kila mtu aione, hakuna wa kuigusa.

Mbele ya watu:

1. Pitisha kadi haraka zikiwa wazi, wasome vyakula, wacheke. Mtori uko juu kabisa ya pakiti zinapolazwa kifudifudi.
2. Changanya kwa kuchomoa mafungu ya katikati na kuyaweka chini. Ya juu haiguswi. Fanya huku unaongea na MC, usiitazame mikono.
3. Weka pakiti mezani. Mwambie anayeshiriki, "Dada, kata popote unapotaka, weka fungu lako pembeni." Analinyanyua fungu la juu, analiweka mezani.
4. Chukua lililobaki, liweke juu ya fungu lake kwa kukingama, yaani moja limesimama na jingine limelala. "Tuweke alama pale ulipokata."
5. Acha kadi. Ondoka hapo mezani kabisa. Uliza nani ameileta ile hotpoti. Muulize mgeni rasmi kama ameifungua. Mwambie MC aisogeze. Nusu dakika inatosha.
6. Rudi, nyanyua fungu la juu, na uelekeze kadi iliyo juu ya lile la chini. "Hapa ndipo ulipokata. Ichukue, wasomee watu."

Ni mtori, kwa sababu ni ileile kadi iliyokuwa juu ya pakiti tangu mwanzo. Ukilisoma hivi unaona aibu, unasema hakuna mtu mzima atakayedanganyika. Ukiliruka lile la 5 uko sahihi, wataona. Ukiliheshimu, akili yao inaachia mpangilio wa mafungu na kubaki na alama tu: "pale alipokata."

Kuhusu uhuru wa kuchagua, kuna utafiti wa mwaka 2015 wa Jay Olson na wenzake. Alipitisha karata mbele ya watu wachague moja, na kwa 98% waliishia na karata aliyoitaka yeye. Waliohisi kwamba wamesukumwa walikuwa 9% tu. Wengine walijiona huru kabisa. Kwa hiyo usisisitize sana uhuru wa dada yule kabla hajakata. Anayeambiwa "uko huru, uko huru kabisa" huanza kujiuliza kwa nini anaambiwa.

Usisitize baadaye. Kabla ya kufungua hotpoti, wasimulie upya kilichotokea: "Kadi zilichanganywa. Dada akakata mwenyewe, mahali alipotaka. Hotpoti ilikuwa hapa kabla yangu." Maneno yanahariri kumbukumbu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, magari "yalipobondana", walikadiria wastani wa maili 40 hivi kwa saa. Walioulizwa magari "yalipogusana" walisema 32 hivi. Filamu ni zilezile. Wiki ijayo utasikia mtu wa Kiborloni akisimulia kwamba dada yule alizichanganya kadi yeye mwenyewe. Usimrekebishe.

Mtori uwe wa moto. Mvuke ukitoka baada ya kifuniko kufunguliwa, makofi yanakuja yenyewe.

Hatua ya tatu: tishu juu ya kichwa

Huu ulipata umaarufu kupitia mwanamazingaombwe Slydini, Mmarekani mwenye asili ya Italia aliyefariki mwaka 1991, na kwa maoni yangu hakuna mchezo unaoeleza saikolojia ya fani hii vizuri kuliko huu. Ukumbi mzima unaijua siri. Asiyejua ni mmoja tu, aliyekaa kwenye kiti.

Mchague kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Asiwe mzee, asiwe mchungaji, asiwe mgeni rasmi, na kamwe asiwe mkwe. Ukoo unaweza kukusamehe mengi lakini si kumfanya mkwe wa watu kichekesho mbele ya upande wa pili. Chagua kijana mchangamfu anayependa kuonekana. MC mwenyewe ni bora zaidi, maana amezoea kucheka wenzake na watu wanamsubiria.

Mkalishe kwenye kiti, ubavu wake ukiwatazama wageni. Wewe simama mbele yake, karibu kiasi kwamba goti lako linakaribia kugusa lake. Ukaribu ndio siri yote: aliye karibu hivyo anaona eneo dogo, na kilicho juu ya paji la uso wake hakipo kwake. Vunja kipande cha tishu, kifinyange kiwe donge. Kiweke kiganja cha kushoto, kifunge, mwambie apulize. Fungua, bado kipo. Umeshamfundisha kwamba kazi yake ni kutazama ngumi.

Kichukue kwa mkono wa kulia. "Nitahesabu mpaka tatu, kaka, usiache kuutazama mkono huu wa kushoto." Moja: mkono wa kulia unapanda hadi juu ya usawa wa macho yake na kushuka kugusa kiganja cha kushoto. Mbili: vilevile, mwendo uleule, kasi ileile. Tatu: unapopanda, achia donge lipite juu ya kichwa chake lianguke nyuma, na mkono ushuke kwenye kiganja bila kusita. Funga ngumi ya kushoto. Apulize. Hakuna kitu.

Wageni wanalipuka kwa kicheko, yeye anahangaika na ngumi zako. Kadiri wanavyocheka ndivyo anavyozidi kuziganda ngumi, akiamini kicheko kinatokana na kitu kilichomo ndani. Rudia kwa donge kubwa zaidi. Huu ndio mchezo pekee kati ya mitatu unaoruhusiwa kurudiwa. Mara ya mwisho tupa rola zima.

Tumia tishu tu. Gazeti linasikika likianguka sakafuni. Na usimwache kaka wa watu akiwa mjinga wa shughuli: mwinue, mgeuze, aone mlima wa tishu nyuma yake, mpe mkono, waombe wageni wampigie makofi yeye.

Kupanga dakika zako kumi

Ongea na MC siku moja kabla. Nafasi nzuri ni baada ya keki na utambulisho, kabla ya zawadi. Likishatajwa neno chakula, usipande, hakuna anayekutazama. Mahema yakiwa yamepangwa kwa kuzunguka uwanja, simama upande ulio wazi, usikubali kuwekwa katikati hata meza kuu wakisisitiza. Maikrofoni ashike MC au ining'inie kwenye stendi. Mwambie DJ azime muziki unapoanza na aurudishe taratibu wakati wa tishu.

Anza na mtori, malizia na tishu. Sarafu itunze kwa ajili ya meza, watu wakishashiba na wakikuita, "Hebu njoo utuonyeshe hapa."

Ukikamatwa, na utakamatwa, atakuwa mtoto. Atapaza sauti, "Iko mkono ule!" Usibishane naye, usimwambie amekosea, usirudie ili kumthibitishia. Fungua mkono, cheka naye, mpe hiyo mia tano, na uende kwenye kinachofuata. Watu watamkumbuka mtoto aliyeshinda sarafu.

Sema kwamba ni mchezo, na useme mapema

Kuna wanaodhani ukitangaza kwamba hakuna nguvu za giza unaharibu ladha. Si kweli: yule gorila aliwapita karibu nusu ya watu ingawa walikuwa wanatazama kwa makini. Hapa kwetu tangazo hilo ni la lazima. Sheria ya Uchawi imekuwepo tangu mwaka 1928, na inamgusa hata anayejifanya tu kuwa na nguvu hizo. Zaidi ya sheria, kuna bibi kizee wa jirani ambaye anaweza kunyooshewa kidole kwa sababu ya mzaha wako.

Mambo haya yana historia mbaya pia. Mwaka 1856 Ufaransa ilimtuma Algeria mwanamazingaombwe wake maarufu, Jean-Eugène Robert-Houdin, awaoneshe Waalgeria kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wao wa dini. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwita mwanamume mwenye nguvu akanyanyua kisanduku kidogo bila shida, kisha akamwambia amemnyang'anya nguvu zake, na kisanduku hakikunyanyuka tena. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Mchezo ni mzuri sana, na ninauchukia.

Mimi husema hivi kabla ya kuanza: "Ndugu zangu, mnachokiona leo ni mchezo wa macho, nimejifunza, na hata wewe unaweza kujifunza. Sina dawa, sina jini, nina tishu." Wanacheka, mchungaji anatulia, na mtori unashangaza vilevile.

Hata hivyo, baada ya shughuli atakuja mtu pembeni. Mara nyingi ni mama, ataongea kwa sauti ya chini: simu yake imeibiwa wiki iliyopita, anamshuku mfanyakazi, je, unaweza kumwonyesha ni nani? Ana pesa mkononi. Usiichukue, wala usimtanie kwa kubahatisha jina. Mwambie, "Mama, mimi nilijua ni mtori kwa sababu nilimwomba jikoni aniwekee mtori." Siri ya mchezo mmoja ikipotea kwa mtu huyo, ipotee. Kisha muulize kama bado ana boksi la simu, maana namba ya utambulisho imeandikwa pale, na polisi wataiulizia.